Jaji Kiboko na Hukumu ya Jamvi

Hapo zamani za kale, na msiniulize kale gani, maana magari yalikuwepo tayari na wanyama walikuwa wakiyaendesha, palikuwa na mji uitwao Kichakani. Huko kila mnyama alikuwa na nyumba yake, kazi yake, na jirani wa kugombana naye. Mtawala wao alikuwa Mtemi Simba. Jaji wao alikuwa Kiboko.

Mnamjua kiboko, watoto? Tumbo pipa, shingo hakuna, na akipiga miayo unaweza kuingiza kitanda. Sasa mvisheni joho jeusi, mkalisheni kwenye kiti cha mninga, kisha mpeni ruhusa ya kuwafunga wenzake. Basi ndiye huyo.

Kwenye kona ya soko la Kichakani palikuwa na kibanda cha karanga za kukaanga. Mwenye kibanda alikuwa Bi Kindi, mama mmoja mdogo, mkia mkubwa kuliko mwili, na ulimi mwepesi kuliko mkia. Siku moja ya gulio, jua likiwa bado kali, alikuwa anapepeta karanga zake huku mwanawe akicheza na maganda chini ya meza. Mara akasikia kelele.

"Piii! Piii! Vruuuum!"

Gari jeusi la serikali lilikuwa linakuja kutoka upande wa kilabu cha Mama Nguruwe, pale wanapouza ulanzi, ile pombe ya mianzi. Liliyumba kushoto, likayumba kulia, likamkosakosa Mbuzi na kapu lake la nyanya.

"Jamani, kimbieni! Linakuja huku!"

Bi Kindi hakuuliza nini kinakuja. Alimdaka mwanawe shingoni, hop! akaruka juu ya nguzo. Chini yake, gubu! kacha! parakacha! Kibanda hicho chini. Karanga zikamwagika mwaaa soko zima. Kioo cha pembeni cha gari, kikubwa kama sinia, kiling'oka kikaangukia kwenye rundo la maganda bila hata kupata ufa.

Kisha ndani ya gari ikasikika sauti nzito ikiimba wimbo wa arusi, tena wimbo wenyewe nusu haujui.

Askari wa barabarani alikuwa Nguchiro, kijana mwembamba mwenye filimbi. Akaja mbio, akafungua mlango. Harufu ya ulanzi ikatoka hadi Mbuzi akaziba pua. Nyuma ya usukani, joho limepanda hadi kwapani, alikuwa Jaji Kiboko. Peke yake.

"Mheshimiwa, naomba ushuke."

"Unanijua mimi ni nani, wewe?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Ndiyo maana naona aibu."

"Nitakufunga! Nitaifunga na hiyo filimbi yako!"

"Sawa, Mheshimiwa. Lakini kwa sasa, uko chini ya ulinzi."

Soko zima lilisaidia kumtoa. Walimvuta mbele, wakamsukuma nyuma, akatoka kama gunia linalotolewa mlango mwembamba, bado anaimba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kichakani palikuwa na sheria kali juu ya ulevi barabarani, na aliyeitunga alikuwa Kiboko huyohuyo. Anayekamatwa amelewa kwenye usukani wa chombo chochote alivalishwa kibuyu shingoni, akafungwa kwenye gari la taka la mji, akalivuta kutoka masika hadi masika. Nungunungu alikuwa analivuta siku hiyohiyo. Kosa lake? Alionja ulanzi kwenye arusi ya binti yake, kisha akapanda baiskeli, taratibu, kandokando ya njia. Hakumgusa hata sisimizi. Mkewe alipiga magoti mbele ya jaji, na jaji akamwambia, "Sheria haina macho, mama."

Ndiyo maana siku ile soko lilishangilia. "Leo zamu yake! Kumbe sheria haina macho kweli!" Mke wa Nungunungu alilia kwa furaha.

Alilia mapema mno.

Kesho yake asubuhi Kiboko alikuwa nyumbani kwake, anakunywa uji. Na pale sokoni akasimama Fisi, karani wa mahakama, akagonga kengele. Ngele! Ngele!

"Tangazo kutoka kwa Mtemi! Kwanza, Mheshimiwa Jaji hakulewa. Alikuwa na homa, akanywa dawa yenye harufu kali. Pili, gari hakuendesha yeye. Liliendeshwa na dereva wake, Kobe, ambaye ndiye alikuwa amelewa. Kobe yuko mahabusu. Kesi yake ni gulio lijalo, mbele ya Jaji Kiboko."

Loo! Hapo soko lilichafuka.

"Dawa gani inanukia ulanzi?"

"Kobe? Kobe hanywi hata togwa!"

"Sisi tulimtoa kwa mikono yetu! Mgongo wangu unauma mpaka leo!"

"Yaani alewe yeye, ahukumiwe mwingine, na hakimu awe yeye tena? Hivi tumekuwa wajinga kiasi gani?"

Fisi akacheka kile kicheko chake. "Mlichokiona hamkukiona. Anayebisha aje aandikishe jina."

Nyuma yake walikuwa wamesimama Nyati na Tembo, na marungu yao. Hakuna aliyekwenda kuandikisha jina. Mbuzi aliokota nyanya aitupe, akaangalia rungu la Nyati, akairudisha kapuni. Bi Kindi alimwona, na kifua kikamuuma zaidi kuliko alipovunjiwa kibanda.

Kwa sababu Kobe alikuwa jirani yake. Mumewe alipofariki, ni Kobe aliyemchimbia mtaro mvua zilipotaka kubeba nyumba. Na Kobe alikuwa mzee. Kulivuta lile gari la taka kupanda mlima wa jalalani, masika hadi masika! Asingefika hata mavuno. Hiyo haikuwa adhabu, ilikuwa ni kumwua polepole mbele ya watu.

Bi Kindi akafungasha karanga akaenda mahabusu. Mlangoni alikuwa Nguchiro, amenuna. Alikuwa ameamriwa kwenda kwa Kiboko kumwomba radhi kwa magoti.

"Shikamoo, mzee Kobe," Bi Kindi aliita kupitia nondo.

"Marahaba, mwanangu. Umenisumbukia bure."

"Ilikuwaje?"

"Nilimwambia, Mheshimiwa, umekunywa, nipe funguo nikupeleke. Akasema mwendo wangu ni wa kinyonga, atafika kwake maji yamekauka. Akanisukuma chini." Kobe akapumua. "Sasa wameniambia nikubali. Nikikataa, watoto wangu watafukuzwa kwenye kile chumba uani kwake. Nimemtumikia tangu gamba langu likiwa laini, Bi Kindi. Nikadhani ananipenda."

Bi Kindi akalia kidogo, kwa hasira. Kisha akajifuta na mkia.

"Mzee, kesi yako itakuwa ya jamvi?"

"Kesi zote ni za jamvi. Unajua."

Alijua. Na nyinyi mjue, maana hapa ndipo penyewe. Wazee wa kwanza wa Kichakani hawakutaka jaji apendelee sura ya mtu. Kwa hiyo walitundika jamvi mbele kabisa ya kiti cha jaji, pua na jamvi, na mshtakiwa akawa anakaa nyuma yake kimya. Jaji anasikia kosa tu, hatajiwi jina. Anatoa hukumu, anapiga ngoma, kisha jamvi linaangushwa. Uso wa kwanza atakaouona jaji jamvi likianguka, huo ndio unaobeba hukumu. Waliweka hivyo ili watu wasije wakabadilishana huko nyuma ngoma ikishalia. Na hakuna wa kuirudisha, hata Mtemi, kwa sababu ngoma hiyohiyo ndiyo inayomtawaza Mtemi.

Desturi nzuri, sivyo? Lakini Kiboko na Fisi walikuwa wameitoboa zamani. Fisi alikaa pembeni, anapoona pande zote mbili. Nyuma ya jamvi akiwa mkubwa, Fisi anapiga chafya, "Chyaaa!" na jaji anaachilia. Akiwa mdogo, Fisi anakohoa, "Koho!" na jaji anapondaponda. Wadogo wote wa Kichakani waliijua ile "koho". Walikuwa wakiisikia hata ndotoni.

"Mzee," Bi Kindi alinong'ona, "usikatae lolote. Kubali kukaa. Ila siku hiyo nitakuletea chakula kwenye sinia."

"Mimi njaa sina, mwanangu."

"Hutakula. Utaishika mbele yako." Akamnong'oneza mengine, na Kobe akaingiza kichwa gambani kwa woga, akakitoa tena, akakiingiza, akakitoa.

"Wakinigundua?"

"Wakikugundua utavuta gari la taka. Usipojaribu je?"

Kobe akafikiri, kwa ule mwendo wake. "Haya," akasema.

Siku ya kesi, Bi Kindi alifika na kitu kipana cha duara, kimefunikwa kanga, karanga zimemwagwa juu. Nguchiro akamzuia.

"Hicho nini?"

"Sinia ya mfungwa, afande."

Nguchiro akainua ncha ya kanga. Chini ya karanga akaona sharubu zake mwenyewe zikimtazama. Akainua macho akamtazama Bi Kindi, akakumbuka magoti yake yalivyouma kwenye sakafu ya Kiboko.

"Sinia nzuri sana," akasema. "Nitamwekea mwenyewe."

Uwanja wa mahakama ulijaa hadi juu ya miti. Mtemi Simba alikaa kwenye kiti chake, kushoto Tembo, kulia Nyati. Wadogo walikaa chini, wamekunja nyuso, hakuna hata anayemsalimia mwenzake. Kiboko akaingia na joho lililopigwa pasi, macho bado mekundu. Akaketi. Kiti kikalia, "Kiiii."

Kobe akapitishwa nyuma ya jamvi, sinia yake bado imefunikwa kanga. Fisi akachungulia, akamwona, akajikohoza kwa raha.

"Koho!"

Uwanja mzima ukaguna. Kiboko akatabasamu.

"Nani mlalamikaji?"

"Mimi, Mheshimiwa, mwenye kibanda." Bi Kindi akasogea mbele. Kupita kwake, akamwekea Fisi mfuko wa karanga mapajani. "Hizi ni ushahidi, bwana karani. Zikague vizuri, moja moja." Fisi na chakula mnawajua. Akainamisha kichwa mfukoni, kwarakwara, kwarakwara, na huko nyuma ya jamvi hakutazama tena.

"Sema shida yako," Kiboko aliamuru.

"Mheshimiwa, gari lilivunja kibanda changu, likataka kumwua mwanangu. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa amelewa chakari. Lakini nimekuja kumwombea huruma."

Wadogo wakashtuka. "Huruma? Bi Kindi, umehongwa?" Mke wa Nungunungu alisimama, miiba yote imesimama pia. "Mume wangu nani alimwombea huruma?"

Bi Kindi hakugeuka, ingawa maneno yale yalimchoma. "Nasema mpunguzie, Mheshimiwa. Pengine huyu mlevi ni mtu mzito. Pengine ana cheo chake, ana heshima zake. Itakuwa aibu kumvisha kibuyu mtu wa namna hiyo."

Kiboko alijua nyuma ya jamvi kuna nani. Si amesikia koho? Akaona hii ndiyo nafasi ya kujisafisha mbele ya mji mzima. Akavimba.

"Cheo? Cheo ni kitu gani mbele ya sheria? Hata awe nani!"

"Hata awe tajiri, Mheshimiwa?"

"Hata awe tajiri!"

"Hata awe rafiki wa Mtemi?"

Kiboko akamtazama Simba kwa jicho la pembeni. Simba akatikisa kichwa kukubali, naye akitaka asifiwe. "Hata awe rafiki wa Mtemi!"

"Hata," Bi Kindi akashusha sauti, "hata awe jaji?"

Uwanja ukanyamaza, hadi ile kwarakwara ya Fisi ikasikika.

Kiboko angesita hapo, angepona. Lakini mtu aliyezoea kudanganya na kuaminiwa hasiti. Akapiga meza, pu! "Hata awe jaji! Jaji mlevi adhabu yake na iwe maradufu, maana yeye sheria anaijua!"

"Weee!" uwanja ukapasuka.

"Na je, akisema alikuwa na homa, Mheshimiwa? Akisema amekunywa dawa tu?"

"Uongo wa kitoto! Dawa gani inanukia ulanzi? Kila mlevi nchi hii ana homa! Akithubutu kusema hivyo, aongezewe masika mengine!"

Nguchiro alilazimika kujiuma mdomo. Mbuzi alikuwa tayari anacheka, hajui kwa nini. Mke wa Nungunungu alikaa chini taratibu. Alikuwa ameanza kumwangalia Bi Kindi upya.

"Basi mimi nimenyamaza, Mheshimiwa. Toa hukumu. Na ngoma uipige kwa nguvu, wa nyuma wasikie."

Kiboko akasimama, joho likajaa upepo. "Aliyekuwa nyuma ya usukani wa gari lile, akiwa amelewa, akavunja kibanda cha mjane, na avishwe kibuyu, afungwe kwenye gari la taka, alivute masika hadi masika. Na akiwa na cheo, avuliwe!" Akainua mkono wake mnene.

Ndu! Ndu! Nduuu!

"Angusheni jamvi!"

Nguchiro akakata kamba. Jamvi likashuka, fyaaa!

Hapakuwa na Kobe. Palikuwa na gamba limefungwa kila upande kama jiwe, na mbele ya gamba kioo kikubwa kimesimama. Na katikati ya kioo, karibu kabisa na pua ya jaji, uso mpana, joho jeusi, macho mekundu, na mdomo wazi.

Jaji alimwona Kiboko.

Kwanza akakasirika. "Huyu nani? Mbona ananikodolea..." Kisha akanyamaza. Yule wa kwenye kioo akanyamaza pia.

Fisi akainua kichwa, karanga zimemjaa mashavuni, akaona mambo yameharibika. Akajaribu kupiga chafya. "Chy... chya..." Karanga zikamtoka puani.

"Si mimi!" Kiboko alinguruma. "Ni kioo!"

"Ni kioo cha gari lako, Mheshimiwa," alisema Bi Kindi. "Kilidondoka juu ya maganda ya karanga zangu, hatua moja kutoka alipokuwa anacheza mwanangu. Hakikunywa ulanzi, hakikuendesha gari. Kimekaa tu pale pa mshtakiwa. Uso uliouona wa kwanza ni wa nani? Utaje!"

"Utaje!" mji mzima ukaitikia.

"Hii ni hila! Mtemi! Nilikuwa na homa! Nilikunywa da..."

"Masika mengine hayo!" alipiga kelele Mbuzi, na safari hii nyanya ikatoka kapuni kweli. Pwaa! Ikatua kwenye joho.

Nyati akainua rungu. Tembo akapiga hatua. Lakini wadogo walikuwa wamesimama wote, panya, bata, mbuzi, nungunungu, sungura, na hakuna aliyekuwa anakimbia.

"Mtemi," alisema mke wa Nungunungu, "ngoma imelia. Kama hukumu hii inarudi, basi na utemi wako urudi, maana ulipigiwa ngoma hii hii."

Simba alitazama ngoma, akatazama watu. Hakuwa mwema, msidhani. Alikuwa anajua kuhesabu. Wakubwa kwenye uwanja ule walikuwa wachache sana.

"Ngoma imelia," akasema. "Afande, mvue joho."

Nguchiro alimvua mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Kobe akatoa kichwa gambani, polepole, kama kawaida yake.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mzee. Twende nyumbani."

Watoto wa Kobe walihamia kwa Bi Kindi mpaka walipopata chumba chao. Nungunungu alivuliwa kibuyu siku hiyohiyo, na kwa kuwa shingo ya Kiboko haipo, walikifunga kwenye sikio lake. Fisi alipewa ufagio wa kufuata nyuma ya gari.

Kila asubuhi Kiboko alipita mbele ya kibanda kipya cha karanga, anahema, magurudumu yanalia, taka zimejaa hadi juu. Nguchiro alimsimamisha hapo kila mara, prrrii! akamnusa mdomo, akamruhusu kupita. Siku moja Kiboko alimnong'oneza Bi Kindi, "Dada, hata wewe huna huruma?"

Bi Kindi akaendelea kupepeta. "Sheria haina macho, baba. Si ulisema?"

Watoto, sheria isiyomgusa mkubwa si sheria, ni rungu tu la kumpigia mdogo.